Nani atasaini cheti? Kupima shule ndogo ya biashara ya Ulaya kabla ya kutuma ada

Shule binafsi za biashara zenye wanafunzi mia mbili au tatu zimejaa Ulaya, na karibu kila moja imeandika kwenye tovuti yake kwamba ina "ithibati ya kimataifa". Maneno hayo mawili yanaweza kumaanisha mambo matatu yasiyofanana hata kidogo: kwamba kampuni imesajiliwa, kwamba serikali inaitambua shule kama chuo, au kwamba chama fulani kimeipa programu yake nembo ya ubora. Wazazi wengi hulipa wakidhani wamepata la pili, kumbe wamepata la kwanza na la tatu.

Nitatumia Uswisi kama mfano, maana huko tofauti hii ndiyo humchanganya mtu zaidi.

Anza na kampuni yenyewe. Fungua zefix.ch, daftari la pamoja la majina ya kampuni za Uswisi, uandike jina la shule. Utaona ni kampuni ya aina gani (AG ni ya hisa, GmbH ni yenye dhima yenye mipaka), iko mji gani, na imesajiliwa kufanya shughuli gani. Ni bure na ni kazi ya dakika tano. Lakini uzito wake ni ule ule wa cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa Mtanzania: unajua kampuni ipo, basi. Shule ikikutumia namba yake ya usajili wa kibiashara kama jibu la swali la ithibati, ujue hujajibiwa.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Sheria ya shirikisho kuhusu elimu ya juu, inayojulikana kwa kifupi cha Kijerumani HFKG, ilianza kutumika Januari 2015. Inalinda majina: taasisi haiwezi kujiita "university" wala "university of applied sciences" bila kupata ithibati ya taasisi nzima kutoka Baraza la Ithibati la Uswisi. Zilizokuwa zikitumia majina hayo tangu zamani zilipewa hadi mwisho wa 2022 kujipanga. Sheria hiyo haikugusa maneno "business school" wala "academy", kwa hiyo yanaweza kubandikwa mlangoni bila mtu kuvunja sheria yoyote. Shule ya namna hiyo inaweza kufundisha vizuri na kutoa cheti kilichoandikwa MBA, lakini shahada yake ni ya binafsi, haina serikali nyuma yake. Orodha ya taasisi zilizopata ithibati iko wazi kwenye tovuti ya Baraza. Tafuta jina kamili, herufi kwa herufi, kwa sababu majina ya shule hizi hufanana mno.

Kisha zinakuja nembo. eduQua utaiona mara nyingi chini ya ukurasa: ni nembo halali ya Uswisi kwa watoa mafunzo ya watu wazima, na haisemi lolote kuhusu thamani ya shahada. ACBSP na IACBE ni vyama vya Marekani vinavyokagua programu za biashara. Ukaguzi wao ni wa kweli, ila nao hauigeuzi shule kuwa chuo kinachotambuliwa na nchi ilipo. Nembo tatu ambazo waajiri wa ngazi ya juu huzijali ni AACSB, EQUIS na AMBA. AMBA ina kipimo rahisi cha kumnasa mwongo: inadai wanafunzi wa MBA wawe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Ukiona nembo hiyo kwenye MBA inayopokea vijana waliohitimu mwezi uliopita, nenda kwenye orodha ya AMBA yenyewe uhakikishe.

Shule kuwa ndogo na ya binafsi peke yake si kasoro. IMD, shule ya biashara ya Lausanne iliyozaliwa 1990 kwa kuunganisha shule mbili, moja ya Geneva na nyingine ya Lausanne, ni ya binafsi na si kubwa, na nembo zote tatu inazo.

Kuna shule nyingine zinazofundisha lakini shahada hutolewa na chuo kikuu mshirika, mara nyingi cha Uingereza. Mpango huu unaweza kuwa mzuri kuliko yote niliyotaja, mradi umeuliza maswali sawasawa. Je, cheti kitakuwa na jina la chuo gani? Mkataba wa ushirika unaisha mwaka gani, na ukivunjika katikati nani ameahidi kwa maandishi kuwamalizisha wanafunzi waliopo? Usiridhike na jibu la shule. Andikia chuo mshirika moja kwa moja, kwa anwani uliyoipata kwenye tovuti yake na si kwenye barua ya wakala. Wakala hulipwa kamisheni na shule, kwa hiyo usimtarajie akusaidie kuichunguza.

Hesabu ya krediti nayo hufichua mengi. Mwaka mmoja wa masomo Ulaya ni krediti 60 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje ya darasa. Shule ikitangaza MBA ya ECTS 90 kwa miezi 10, zidisha: 90 mara 25 ni saa 2,250, ugawe kwa wiki kama 43, unapata zaidi ya saa 52 kila wiki bila likizo. Ama wanafunzi hawalali, ama krediti zimeandikwa kwa ukarimu. Na kama darasani ni siku mbili tu kwa wiki, mimi nimeshajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Ukirudi nyumbani na cheti, mamlaka zinazosimamia vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, wataangalia kwanza kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi kilipo. Waulize kabla ya kulipa, si baada ya mahafali. Anayefikiria kufanya kazi Ujerumani aangalie anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya kutambua vyuo vya nje: H+ ni chuo kinachotambuliwa, H- hakitambuliwi, na H+/- inahitaji uchunguzi zaidi.

Viza ina mtego wake. Masomo ya zaidi ya siku 90 yanahitaji viza ya kitaifa, aina D, na kwa Uswisi idara ya uhamiaji ya kantoni, yaani jimbo, ndiyo huamua. Anayetoka nje ya EU (Umoja wa Ulaya) na EFTA (Uswisi na nchi nyingine tatu za Ulaya zisizo za EU) hafanyi kazi miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo ni saa 15 kwa wiki wakati wa muhula, na kanuni hiyo imeandikwa kwa wanafunzi wa vyuo vya elimu ya juu. Mwanafunzi wa shule isiyotambuliwa asipange bajeti akitegemea kibarua.

Mwisho, soma kifungu cha kurejeshewa ada. Kinachotakiwa kionekane ni kiasi kitakachokatwa viza ikikataliwa, siku ngapi baada ya barua ya ubalozi unatakiwa kudai, na pesa zitarudi kwenye akaunti ya nani. Kama ulimlipa wakala, shule inaweza kusema haikupokea kitu, nayo itakuwa inasema kweli. Tuma malipo ya awali kwenye akaunti ya benki yenye jina lile lile uliloliona Zefix.