Je, wajua kwa nini asiye na gari ndo anavuta moshi mwingi wa magari?

Ukitaka kulielewa swali hili nenda Buguruni jijini Dar saa kumi na mbili jioni usimame kituoni kidogo tu. Barabara ya Mandela inakuwa imejaa malori ya makontena yanayotoka bandarini kwenda Ubungo na baada ya hapo Zambia, Congo na kwingine, yanasogea kidogo yanasimama, yanasogea tena, na kila dereva akikanyaga mafuta unatoka moshi mweusi usawa wa pua za watu waliosimama pembeni. Kituoni kuna mama kambeba mtoto mgongoni anasubiri daladala, hatua chache kuna kijana wa chipsi na kabati lake la kioo, pitisha kidole juu ya kile kioo uone kinavyotoka. Na kwenye foleni hiyohiyo kuna mtu kwenye gari lake, vioo juu, AC inazunguka, anaingia Tabata kwake analala. Yeye kachangia moshi, mama hajachangia karibu chochote, ila anayeondoka na moshi kifuani ni mama.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Moshi wa dizeli una chembechembe ndogo sana zinazoitwa PM2.5, zinapita puani zinaenda mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Hizi zinakuwa nyingi mno pale kando ya barabara halafu zinapungua kadiri unavyosogea mbali, eneo linaloathirika zaidi wataalamu wanalikadiria kuwa mita 300 hadi 500 toka barabara kubwa. Julai 2009 watafiti walipima Nairobi nyakati za mchana, wakakuta kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya jiji ni karibu maikrogramu 98 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na mahali pa mashambani nje ya jiji ni kama 11. Yaani mara tisa. Sasa jiulize nani anashinda kwenye ile njia ya miguu kuanzia asubuhi mpaka jioni, ni machinga, mama ntilie, bodaboda, trafiki, na wale wanaotembea kwa sababu nauli haipo.

Ila hiyo ni nusu tu ya jibu, na kwa kweli ni nusu rahisi. Nusu ngumu ni kwamba barabara haijipangi yenyewe, kuna ofisi ilikaa ikaamua ipite wapi na imhudumie nani.

Kabla ya kujenga, wataalamu wanapiga hesabu ya faida na gharama. Wanahesabu magari, na kwenye hesabu hizo lori moja linageuzwa kuwa sawa na magari madogo kadhaa, basi vilevile, pikipiki inapewa sehemu ya gari, na mtembea kwa miguu mara nyingi hayumo kabisa. Halafu faida kubwa ya barabara ni muda unaookolewa, na muda unapewa bei kwa kuangalia kipato cha mtu, kwa hiyo saa moja ya mwenye mshahara mkubwa inakuwa na thamani kubwa kuliko saa ya mama anayeuza vitumbua. Hakuna mtu aliyekaa chini akasema tuwaonee masikini, ila ukiingiza namba hizo kwenye kompyuta jibu linalotoka ni lilelile kila siku, panua barabara ya magari, na kwa kuwa ardhi ya bei rahisi ni ile ya watu wasio na hati basi ipitishe hapo. Mimi hili linaniuma kuliko hata moshi wenyewe, maana moshi unauona lakini hii hesabu haionekani, iko kwenye ripoti ambayo mtu wa Buguruni hataletewa asome.

Nairobi safari za miguu zinakadiriwa kuwa asilimia 40 hivi ya safari zote za kila siku. Mwaka 2022 jiji hilohilo likafungua Nairobi Expressway, kilomita 27 za barabara ya kulipia toka Mlolongo mpaka Westlands, bodaboda haruhusiwi, wa miguu haruhusiwi, na wakati wa ujenzi watembea kwa miguu walioko chini yake walipoteza madaraja yao ya kuvukia. Sisemi barabara haina faida, mwenye haraka ya kwenda uwanja wa ndege anaijua faida yake, nauliza tu ni nani alihesabu upande wa wale wa chini.

Wenzetu Marekani wameshapigana sana na jambo hili, wao wanaliita haki ya mazingira, yaani uchafu usiwaangukie masikini na wanyonge kuliko wengine. Mwaka 1957 Oakland, California, ilijengwa barabara ya juu ya Cypress ikapasua katikati West Oakland, mtaa wa watu weusi. Ikaanguka kwenye tetemeko la Oktoba 1989 ikaua watu 42, na ilipotaka kujengwa upya wakazi wakakataa isirudi palepale, ikazungushwa pembeni ikafunguliwa 1997, na ilipokuwa ya zamani pakawekwa barabara ya kawaida yenye miti katikati wakaiita Mandela Parkway. Kwa hiyo wao wana Mandela na sisi tuna Mandela, na kote ni mji wa bandari wenye malori. Halafu kuna barabara mbili zinazokwenda sambamba hapo Oakland, I-580 inayopita karibu na vilima vya wenye nacho, malori makubwa yamepigwa marufuku kwa miongo mingi, na I-880 inayopita bondeni kwa watu wa kipato cha chini, malori yote yanamiminika huko. Kikundi cha wakazi kiitwacho West Oakland Environmental Indicators Project kikaamua kuhesabu malori mitaani kwao, na namba zile zikasaidia jiji kupanga njia rasmi za malori. Hata serikali kuu ya kule ilikuwa na agizo la Rais Clinton la Februari 1994 la kuangalia miradi inaumiza nani zaidi, agizo lilifutwa Januari 2025, ila kuhesabu malori hakuhitaji agizo la rais.

Ndo maana ukiniuliza utafiti wa barabara unaojali haki uanzie wapi, nasema uanzie kwenye kuhesabu watu. Hesabu wanaotembea, wanaovuka, wanaosubiri, wanawake na watoto na wenye ulemavu kila mmoja kwa safu yake, kabla injinia hajachora mstari. Inawezekana kabisa. Matatu za Nairobi hazikuwa na ramani ya umma inayoonyesha njia zote, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, vyuo vikuu vya Marekani, wakapanda matatu na simu zao wakarekodi kila njia na kila kituo, Januari 2014 ramani ikatoka yenye njia zaidi ya 130. Kampala wale AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere wametengeneza vifaa vyao vya kupimia hewa vya bei nafuu, vingine vikafungwa kwenye bodaboda, kwa hiyo hewa inapimwa pale inapovutwa na sio juu ya paa la ofisi.

Na Dar tuna mfano ambao nautamani uwe darasani kila chuo cha mipango miji. Shirika la Amend lilianza kwa kuangalia shule za msingi ambazo watoto wanagongwa sana njiani, likaweka matuta, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, na kuna shule geti lilihamishwa tu likatoka barabara kubwa likaelekea mtaani. Majeruhi walipungua kwa angalau asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo, SARSAI, ukachukua tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross. Tuta na geti, sio flaiova.

Cha pili ni kupima kabla na baada. Sasa hivi bandari kavu ya Kwala, yaani kituo cha makontena kilicho mbali na bahari kule mkoa wa Pwani, inapokea makontena ili malori yapungue mjini, jambo zuri, lakini kama hakuna aliyepima hewa ya njia ya bandarini kabla basi hatutakuwa na cha kulinganisha, na Kwala nako kuna watu wanaishi, na watoto wanaovuka kwenda shule, moshi ukihama lazima ijulikane umehamia kwa nani.

Halafu kuna hawa wanaobomolewa. Julai 2018 Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, nyumba zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, watu kama 30,000 wakakosa makazi, na madarasa yalikuwemo. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Mukuru kwa Njenga, mtaa mwingine wa mabanda hukohuko Nairobi, tena Mukuru ambayo toka 2017 ilikuwa imetangazwa eneo maalum la mipango na wakazi walishakaa vikao kuchora mitaa yao wenyewe. Ripoti nyingi za miradi zinaishia kwenye idadi ya nyumba na fidia kama ipo. Mimi ningetaka mtafiti awafuate wale watu miaka mitano, ajue walihamia wapi, kazini sasa wanafika saa ngapi, nauli inakula kiasi gani cha kipato chao, mtoto aliacha shule au alipata nyingine, na hiyo gharama yote iandikwe kwenye ukurasa uleule unaoandika dakika walizookoa wenye magari.