Usanifu endelevu wa bidhaa: maana yake na jinsi unavyozaa ubunifu viwandani

Usanifu endelevu wa bidhaa ni kubuni bidhaa huku ukihesabu, tangu mchoro wa kwanza, kila kitakachotumika kwa ajili yake na kila itakachoacha nyuma. Unahesabu malighafi na mahali inakochimbwa, nishati ya kuizalisha na kuisafirisha, umeme au maji itakayokula ikiwa mikononi mwa mnunuzi, wepesi wa kuitengeneza ikiharibika, na hatima yake siku ikitupwa. Bidhaa lazima ifanye kazi yake vizuri na iuzike. Zaidi ya hapo, isimtwishe mtu mwingine, awe wa leo au wa kizazi kijacho, gharama ambayo hakuulizwa.

Wengi wakisikia habari ya bidhaa endelevu huwaza mfuko wa karatasi au picha ya jani la kijani kwenye pakiti. Hayo huja mwisho kabisa, na mara nyingine huwekwa ili kuficha kwamba ndani hakuna kilichobadilika. Uzito wa dhana hii uko kwenye meza ya mhandisi, kwa sababu inamwekea masharti ambayo zamani hakuwa nayo: gesi fulani isitumike, kifaa kifunguke, uzito upungue bila uimara kupungua. Njia aliyoizoea ikifungwa, hana budi kutafuta nyingine. Mara nyingi hiyo nyingine huishinda ile ya kwanza hata kwa vipimo ambavyo kiwanda kimekuwa navyo siku zote, yaani gharama, ubora na kasi. Ndiyo maana inasemwa kwamba uendelevu unachochea ubunifu viwandani, na naamini usemi huo una ushahidi wa kutosha.

Mengi huamuliwa mapema

Tume ya Ulaya hurudia mara kwa mara kwamba hadi asilimia 80 ya athari za bidhaa kwa mazingira huamuliwa katika hatua ya usanifu. Namba hiyo ni makadirio, wala haiwezi kuwa sawa kwa saruji na kwa simu, lakini mwelekeo wake ni wa kweli.

Angalia betri ya simu. Msanifu anaweza kuishikiza kwa vibanio na skrubu, au akaibandika kwa gundi na kuifunika kwa kioo kilichobandikwa nacho kwa gundi. Gundi hupunguza unene, hurahisisha kuzuia maji na huharakisha kazi kiwandani. Miaka michache baadaye betri imechoka wakati skrini, kamera na kichakato bado ni vizima. Fundi inabidi akipashe kioo joto, akinyanyue bila kukipasua, kisha aibandue betri ambayo ikipinda au kutobolewa inaweza kushika moto. Wenye simu wengi huona heri wanunue nyingine. Hata mrejelezaji anapata tabu, kwa kuwa ni lazima aitoe betri hiyo kabla simu haijasagwa. Yote haya yalikuwa yamejificha ndani ya uamuzi mmoja kuhusu gundi.

Kampuni ya Fairphone ya Amsterdam, iliyoanzishwa 2013, iliamua kinyume chake. Simu yake ya pili, ya 2015, iligawanywa katika moduli, yaani sehemu zinazojitegemea, ambazo mwenye simu huzibadilisha mwenyewe kwa bisibisi ya kawaida. Kwa muda ilionekana kuwa simu ya wachache wenye msimamo. Sasa sheria imeanza kuwasukuma na wengine. Tangu 20 Juni 2025 simujanja mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya lazima ziwe na vipuri muhimu kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na betri yake ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800. Mtengenezaji asiyetaka betri ibadilishwe na mtumiaji mwenyewe anaruhusiwa kupita njia nyingine: betri ibaki na asilimia 80 hata baada ya kuchajiwa mara 1,000, na simu istahimili vumbi na kuzama majini. Napenda jinsi kanuni hiyo ilivyoandikwa. Inataja matokeo yanayotakiwa, halafu inawaachia wahandisi wachague kati ya kubuni mfuniko unaofunguka na kuboresha kemia ya betri.

Ili kujua nguvu zielekezwe wapi, wasanifu hutumia tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani hesabu ya athari zake tangu malighafi hadi kutupwa. Mwaka 1969 Coca-Cola iliipa taasisi ya Midwest Research Institute ya Marekani kazi ya kulinganisha aina za vifungashio vya vinywaji kwa malighafi, nishati na taka zake, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa mmoja wa mizizi ya mbinu hii. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, liliitolea kiwango cha ISO 14040 mwaka 1997. Msingi wake ni kwamba kinacholinganishwa ni kazi iliyofanyika. Kilo moja ya sabuni hii hailinganishwi na kilo moja ya ile. Kinacholinganishwa ni vitu vyote vinavyohitajika kufua idadi ileile ya nguo mpaka zitakate.

Ukihesabu hivyo unaona mambo ambayo hukuyatarajia. Kwa nguo zinazofuliwa na mashine kwa maji moto, nishati nyingi huishia kwenye kuyapasha maji. Kiwanda cha sabuni kikishajua hivyo, swali lake linabadilika: sabuni itaondoaje mafuta na damu kwenye maji ya nyuzijoto 30, au hata 20? Jibu lilipatikana kwenye vimeng'enya, protini zinazokatakata uchafu. Vilikuwa vimeanza kutiwa kwa wingi kwenye sabuni tangu miaka ya 1960, kisha vikaboreshwa ili vifanye kazi katika maji baridi. Wataalamu wa bayoteknolojia wakapata nafasi katika tasnia iliyokuwa ya wakemia. Kiwanda ambacho kingeishia kubadilisha pakiti tu kisingefika huko.

Jokofu la Saxony

Katika mifano yote, huu wa jokofu ndio ninaoupenda zaidi. Kwa miongo mingi majokofu ya nyumbani yalitegemea kemikali za CFC: moja ikizunguka kwenye mabomba ili kupoza, nyingine ikiumua povu linalojazwa kwenye kuta. Haziwaki, hazina sumu kali, na zilionekana hazina kasoro mpaka ilipobainika kwamba zinaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. Makampuni ya kemikali yakaleta mbadala uitwao HFC-134a, usioharibu ozoni lakini wenye uwezo wa kuongeza joto duniani zaidi ya mara 1,000 ukilinganisha na uzito uleule wa kaboni dioksidi. Viwanda vingi vya majokofu viliupokea, maana haukudai mabadiliko makubwa.

Wakati huo huko Saxony, mashariki mwa Ujerumani, kiwanda cha DKK Scharfenstein, ambacho baadaye kiliitwa Foron, kilikuwa ukingoni mwa kufungwa baada ya Ujerumani mbili kuungana. Mwaka 1992 shirika la kutetea mazingira la Greenpeace lilikikutanisha na watafiti wa Dortmund waliokuwa wakipoza kwa mchanganyiko wa propani na butani, gesi zilezile zinazojazwa kwenye mitungi ya kupikia. Greenpeace ikagharamia majokofu ya majaribio, oda za makumi ya maelfu zikakusanywa kabla uzalishaji haujaanza, na Machi 1993 majokofu ya kwanza yakatoka kiwandani.

Washindani walikuwa na hoja moja kubwa: gesi hiyo inawaka. Ni kweli inawaka, na hoja hiyo ilijibiwa kwa usanifu. Gesi ndani ya mfumo ilipunguzwa hadi makumi machache ya gramu. Swichi na thermostati zinazoweza kutoa cheche zilihamishwa au kufunikwa ili gesi ikivuja isikutane nazo. Baadaye isobutani ilipoanza kutumika peke yake, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi kwenye mabomba, ilibidi isanifiwe upya, kwa sababu gesi hiyo hubeba joto dogo kwa kila ujazo unaosukumwa, hivyo inahitaji kompresa yenye silinda kubwa zaidi. Kwa upande mwingine shinikizo lake ni la chini, na jokofu likapungua kelele. Povu la kuta nalo likaumuliwa kwa pentani. Sharti moja la mazingira lilibadilisha kompresa, umeme wa ndani na kuta kwa pamoja.

Teknolojia hiyo iliachwa wazi, bila hataza, yaani hakimiliki ya uvumbuzi, ya kuwazuia wengine. Katika muda mfupi watengenezaji wakubwa wa Ujerumani, baadhi yao walioipinga, nao wakawa wanauza majokofu ya aina hiyo, na leo isobutani ni gesi ya kawaida kwenye majokofu mapya ya nyumbani katika sehemu kubwa ya dunia. Marekani ilichelewa, kibali cha kuitumia majumbani kilitolewa mwishoni mwa 2011. Foron yenyewe ilifilisika mwaka 1996. Hilo linauma, na anayeuza dhana hii kwa wenye viwanda asilifiche: ubunifu unaweza kubadilisha tasnia nzima na bado aliyeuanzisha asivune.

Kampuni ya Interface ya Marekani ilivuna. Inatengeneza mazulia ya vipande vya mraba, na mwaka 1994 mwanzilishi wake, Ray Anderson, aliamua kuipunguzia utegemezi wa mafuta ya petroli yanayotoa nailoni. Timu ya msanifu David Oakey ilichunguza sakafu ya msitu na kuona kwamba hakuna sehemu mbili zinazofanana, lakini kwa jumla inapendeza. Mwaka 2000 wakatoa zulia la Entropy, ambalo kila kipande chake kinatofautiana kidogo na kingine kwa rangi na mchoro. Fundi akawa anakiweka upande wowote, mabaki yakatumika, mkupuo mmoja wa rangi haukulazimika kuoana na mwingine, na kipande kilichochafuka kikawa kinang'olewa na kuwekwa kipya bila kuonekana kiraka. Likawa miongoni mwa mazulia yaliyouzwa sana na kampuni hiyo.

Mabadiliko mengine hugusa namna ya kuuza. Mwaka 1962 Bristol Siddeley ya Uingereza ilianza kutoza wateja wa injini yake ya ndege, Viper, kwa saa za kuruka. Injini ikifa, hasara ni ya mtengenezaji, kwa hiyo uimara unakuwa faida yake mwenyewe. Caterpillar ilianza mwaka 1973 kupokea sehemu za mashine zilizochakaa na kuzifanya upya. Biashara hiyo inawezekana tu iwapo sehemu zimesanifiwa kwa ajili yake: silinda ikiwa na slivu, yaani bomba la ndani, inayochomoka, bloku nzito ya injini inabaki na kinachobadilishwa ni slivu pekee.

Sheria, na mahali dhana inapokwama

Mwaka 1991 Michael Porter, profesa wa biashara wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa hoja kwamba kanuni za mazingira zikiandikwa vizuri huweza kuamsha ubunifu unaofidia gharama ya kuzitii, pengine hata kuizidi. Wachumi bado wanaibishania. Visafisha zulia vya umeme vinaipa nguvu. Kwa miaka mingi viliuzwa kwa kutajiwa wati, utadhani wati ndizo zinazosafisha. Umoja wa Ulaya ukaweka ukomo wa wati 1,600 kuanzia Septemba 2014 na 900 kuanzia Septemba 2017, pamoja na viwango vya chini vya kuokota vumbi. Bomba lilitakiwa listahimili kukunjwa mara 40,000. Watengenezaji wakahamishia akili kwenye umbo la mdomo wa kunyonyea, njia ya hewa na mota.

Si kila sharti hupatana na jingine. Plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni hulifanya gari kuwa jepesi na kupunguza mafuta, lakini kuitenganisha tena ni kazi ngumu. Taa nyingi za LED zimeokoa umeme mwingi, ila zimefungwa kiasi kwamba kijisehemu kimoja kikiungua unatupa taa nzima. Na kuna tatizo aliloliona mchumi Mwingereza William Stanley Jevons mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe: injini zikitumia makaa kidogo, makaa yanakuwa nafuu kutumia, na matumizi ya jumla yanaweza kupanda. Msanifu peke yake hawezi kulizuia hilo. Linahitaji sera za bei na mipaka ya matumizi.

Kingine ni madai matupu. Kiwanda kinaweza kuandika "rafiki wa mazingira" bila kusema ni kwa kipimo gani wala katika hatua ipi ya maisha ya bidhaa. Katika kulikabili hilo, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2024 kuhusu usanifu endelevu imeweka msingi wa pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, yaani kumbukumbu ya taarifa zake inayosomwa kwa kifaa. Betri ndizo zitakazotangulia, chini ya kanuni yao ya 2023: kuanzia 18 Februari 2027 kila betri ya gari la umeme itakayouzwa huko lazima iwe na pasipoti inayosomwa kwa msimbo wa QR, yenye taarifa kama vile kemia yake, kiasi cha malighafi iliyorejelezwa na gesijoto zilizotolewa wakati wa kuitengeneza.