CD4 unaijua, na CD19 je? Saitometria ya mtiririko na saratani ya damu

Kigoma mjini, aliyewahi kumsindikiza ndugu kwenye kliniki ya dawa za kufubaza virusi anaijua CD4. "CD4 zake zimepanda," watu husema, kama wanavyosema presha imeshuka. Siku hizi kinachotazamwa zaidi ni wingi wa virusi, lakini neno limebaki midomoni. Wachache huuliza kwa nini ni 4, si 3 wala 5. Anayelijibu swali hilo ameshaielewa nusu ya saitometria ya mtiririko, kipimo ambacho mashine hukagua seli za damu moja moja kwa mwanga.

Kila seli ya damu ina protini juu ya utando wake, na seli za aina moja hubeba protini zinazofanana. Zamani kila maabara ilizipa majina yake, ikawa vurugu. Mwaka 1982 wanasayansi walikutana Paris wakakubaliana kuzipa namba zinazotanguliwa na herufi CD. CD3 ni ya seli T kwa jumla, moja ya aina za seli nyeupe za kinga. CD4 ni ya kundi mojawapo la seli T, lile linaloshambuliwa na VVU. CD19 ni ya seli B, aina nyingine ya seli nyeupe. CD34 hubebwa na seli changa, ambazo mahali pake ni ndani ya uboho. Leo orodha imevuka 350, kwa hiyo CD4 yetu maarufu ni tone tu.

Sasa mashine. Damu, au uboho uliovutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, huchanganywa na kingamwili. Kila kingamwili hung'ang'ania protini moja tu, nayo imefungwa rangi inayong'aa ikipigwa mwanga. Kisha seli husukumwa kwenye njia nyembamba huku maji ya chumvi yakizibana pande zote kwa kasi. Fikiria abiria stesheni ya Kigoma siku ya treni: umati unakubana kushoto na kulia hadi unajikuta unapita getini peke yako, upende usipende. Getini hapo kuna leza. Mwanga unaosonga mbele hueleza ukubwa wa seli, unaotawanyika kando hueleza kama ndani imejaa chembechembe, na rangi huonyesha imebeba CD zipi. Maelfu ya seli hukaguliwa kwa sekunde moja, na kila moja huandikiwa habari zake yenyewe.

Lukemia, yaani saratani ya damu, huanza kuonekana mbali na leza. Mtoto ana homa isiyoisha, amepauka, fizi zinavuja damu. Kwetu malaria ni nyingi, hivyo hutibiwa malaria, tena na tena, na hilo halinishangazi. Kinachoshtua ni majibu ya FBP, kipimo cha kuhesabu seli za damu: chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni chache, seli nyeupe zimevuka kiasi, na chini ya hadubini kumejaa seli changa ziitwazo blasti. Shida ni kwamba blasti hufanana. Hata jicho lililozoea laweza kushindwa kusema kama ni za ukoo wa limfu (wenye seli T na B) au wa mieloidi (ukoo mwingine wa seli za damu), na dawa za koo hizo mbili si zilezile.

Mashine haitegemei sura. Blasti zenye CD19, CD10 na CD34 huelekeza kwenye lukemia kali ya seli B, inayowapata watoto zaidi. Zikiwa na CD13, CD33 na kimeng'enya MPO, ni mieloidi. Kwa mzee ambaye seli nyeupe zimemjaa bila yeye kujisikia mgonjwa, CD19 na CD5 kwenye seli ileile hutia shaka ya lukemia sugu ya limfu, maana CD5 kwa kawaida ni mali ya seli T.

Kipengele ninachokipenda mimi ni hiki. Seli B zenye afya ni mchanganyiko: nyingine zina mnyororo wa protini uitwao kappa, nyingine uitwao lambda. Lukemia huanza na seli moja iliyoasi, na uzao wake wote hurithi mnyororo wake. Ukikuta karibu zote ni kappa, umekuta mtu mmoja amejaza kijiji kizima kwa wanawe.

Baada ya matibabu, mashine hiyohiyo inaweza kunasa seli moja ya saratani iliyojificha kati ya 10,000. Lakini si kila kitu inakiweza: lukemia sugu ya mieloidi, kwa mfano, huthibitishwa kwa kipimo cha jeni.

Halafu kuna umbali. Seli zinatakiwa zifike zikiwa hai, zisigandishwe, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili tangu kutolewa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam reli ina kilomita zipatazo 1,250. Ndiyo maana kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau huandikwa saa damu ilipotolewa, si tarehe peke yake.