Wati-saa: anzia hapa kabla hujanunua paneli ya kuweka juu ya Hiace

Watu wanaogeuza Hiace au Noah kuwa gari la kulala safarini swali lao kubwa huwa hili, niweke sola ya wati ngapi? Na wanajibiwa namba tu, weka mia mbili, weka mia nne, wala mtu haulizwi humo ndani atatumia nini. Namba ya paneli inakuja mwisho kabisa. Inayotangulia ni wati-saa unazokula kwa siku moja, ukishaipata hiyo basi betri, paneli mpaka unene wa waya vyote vinapigiwa hesabu kutoka hapo.

Wati ni kama spidi inayoonekana kwenye dashibodi, wati-saa ni kilomita ulizokwisha tembea. Taa ya wati 5 ikiwaka masaa 10 imekula wati-saa 50. Feni ya wati 20 ikizunguka masaa 8 usiku imekula 160. Alafu angalia birika la umeme la wati 2000, dakika kumi tu za kuchemsha maji linakula kama wati-saa 333, yani feni ya usiku mbili imeondoka na chai. Ndo maana gari nyingi za hivi wanapikia gesi, na mimi naunga mkono kabisa, umeme wa sola usipikie.

Friji ndo inachanganya watu. Hizi friji ndogo za kompresa za volti 12, tuseme ya lita 40, ikiwa inafanya kazi inavuta kama wati 45, kwa hiyo mtu anazidisha mara 24 anapata zaidi ya elfu moja anakata tamaa. Lakini friji haiwaki muda wote, ukiisikiliza usiku utasikia inanguruma dakika kadhaa inazima, inakaa, inawaka tena. Ikijumlishwa labda imewaka masaa 10 kwa siku, hapo ni 450. Sasa gari likiwa limefungwa juani Dar mwezi wa pili, au umejaza soda za moto mchana, itawaka muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukinunua friji usiamini karatasi peke yake, kuna mita ndogo za DC (umeme wa betri) unaunga kwenye waya wake, unaiacha siku nzima, inakusomea wati-saa zenyewe.

Tuchukue mfano wa watu wawili. Friji 450, taa nne za LED za wati 5 masaa matano ni 100, feni 160, laptop ya wati 60 masaa matatu ni 180, simu mbili kama 40, pampu ya maji 10. Jumla 940, na laptop ikipitia kwenye inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) kuna kinachopotea hapo (inveta yenyewe ikiachwa on bila kazi inaweza kula wati 10 mpaka 20 bure, izime usiku), kwa hiyo weka 1000 kamili.

Sasa jua. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni kuna mwanga, lakini usihesabu masaa 12. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kwa mwanga wa wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Jua la asubuhi halifiki hapo hata nusu. Kinachofanyika ni mwanga wote wa siku unakusanywa unageuzwa kuwa masaa ya jua kamili, na kwa sehemu nyingi za kwetu ni kama 4 mpaka 6 kutegemea mahali na msimu. Dodoma na Singida kiangazi uko vizuri, Arusha mwezi wa saba mawingu yakikaa hesabu ndogo. Kitu kimoja kinachotusaidia sana huku karibu na ikweta ni kwamba paneli ikilala flati juu ya gari haipotezi sana, jua linapita karibu na utosi, wenzetu wa Uingereza mwezi wa kumi na mbili paneli ya hivyo inapata chini hata ya saa moja.

Alafu kuna vinavyopotea njiani. Paneli juu ya bati la gari inafika nyuzi 60 na kitu, na kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4, hapo tayari zaidi ya kumi imeondoka. Vumbi, waya, betri yenyewe. Mimi nakata asilimia 30 na sioni kama ni woga. 1000 gawanya kwa 0.7 ni kama 1430, gawanya kwa masaa 5 unapata 286, nunua 300. Kwa masaa 4 inakuja 358, hapo ni 400. Na chaji kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, iwe ya aina ya MPPT, maana aina ya PWM inaishusha paneli ya volti 18 mpaka volti ya betri, wati 100 zinabaki kama 72 na hakuna mtu amekuambia.

Betri unaipimia siku za mawingu, siku mbili zinatosha, yani 2000. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo unahitaji ya wati-saa 4000, gawanya kwa volti 12 ni kama Ah (ampea-saa) 333. Ya lithiamu unatumia asilimia 80 bila shida, Ah 200 zinakutosha. Bei ya lithiamu inauma lakini pima na uzito, ya asidi ya Ah 100 ina kilo karibu 30 na utabeba nne, za lithiamu mbili hazifiki kilo 30 zote pamoja. Kwenye gari hiyo ni tofauti kubwa.

Na usisahau alteneta. Chaja ya DC kwa DC, inayotoa umeme wa alteneta ya injini kwenda betri yako, ikiwa ya ampea 30 inaingiza kama wati 360 gari likitembea, masaa mawili barabarani ni 720, kwa hiyo mtu anayehama kila siku anaweza kuweka paneli ndogo kuliko anayepaki sehemu moja wiki nzima. Weka fyuzi karibu na betri kila waya unaotoka, volti 12 ampea zake ni nyingi, inveta ya wati 2000 inavuta zaidi ya ampea 160 na waya mwembamba hapo unawaka moto.

Mwisho panda juu na futi kamba. Paneli ya wati 200 ina kama mita 1.5 kwa 0.7, mbili zinakaa vizuri kwenye Hiace, ila kivuli cha keria au feni ya paa kikiangukia kona moja tu kinaua umeme mwingi kuliko ukubwa wake. Acha nafasi ya vidole viwili vitatu chini yake hewa ipite.