Mwendesha Mashtaka wa Kaunti, Uhalifu wa Kikatili na Imani ya Wananchi: Dhana Potofu na Ukweli

Nchini Marekani, kesi nyingi za mauaji, ubakaji na ujambazi wa kutumia silaha haziendeshwi na serikali kuu, bali na mwendesha mashtaka wa kaunti au wilaya, ambaye katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura. Kwa kuwa cheo chake kinatokana na kura, damu ikimwagika mtaani jina lake hutajwa mara moja, na pamoja nalo huenea maneno ambayo hayana msingi.

Dhana: Mwathiriwa ndiye mwenye kesi, hivyo anaweza kuifuta.
Kesi ya jinai hufunguliwa kwa jina la jimbo au la wananchi wake. Mwathiriwa husikilizwa, lakini uamuzi wa kushtaki au kuondoa mashtaka si wake, na hilo humkinga: mume aliyempiga mkewe hawezi kuimaliza kesi kwa kumtisha mpaka aende kuiondoa.

Dhana: Mashtaka yakiondolewa, ujue kuna mtu amelindwa.
Inawezekana, lakini mara nyingi sababu ni kipimo cha ushahidi. Polisi humkamata mtu wakiwa na sababu za msingi za kumshuku, ilhali mahakamani hatia lazima ithibitishwe pasipo shaka ya msingi, na tangu mwaka 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo imeamua kwamba katika makosa makubwa jopo la raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi halitamtia mtu hatiani katika jimbo lolote mpaka wanajopo wote wakubaliane. Zaidi ya hapo, mshtakiwa akishaachiwa huru na jopo hilo, jimbo haliwezi kumshtaki tena kwa kosa lilelile, hata kama bunduki itapatikana wiki inayofuata. Anayekimbilia mahakamani na jalada jepesi ili kuwaridhisha waandishi wa habari anaweza kumpoteza muuaji moja kwa moja.

Dhana: Mashahidi hunyamaza kwa sababu wanawaficha wahalifu.
Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, takriban nusu ya mauaji nchini humo yalipita bila kufumbuliwa, ilhali katikati ya miaka ya 1960 takwimu za polisi zilionyesha kwamba karibu 90% yalifumbuliwa. Mfikirie mama aliyeona mauaji kupitia dirisha la ghorofa ya tatu. Gari la polisi likiegeshwa mbele ya mlango wake mchana kweupe, mtaa mzima umeshajua nani amesema. Siku ya kesi huenda akaketi kwenye benchi la ukumbini, hatua chache kutoka kwa ndugu za mshtakiwa, na jioni watapanda basi moja kurudi nyumbani. Huyo hamlindi muuaji. Anawalinda watoto wake. Ikiwa tena mwanawe aliwahi kusimamishwa na kupekuliwa barabarani bila sababu, hana cha kumfanya aiamini ofisi inayomwomba ushahidi. Ndiyo maana baadhi ya ofisi hizo zina watumishi maalumu wa kuwasaidia mashahidi na waathiriwa kwa usafiri, chumba cha faragha cha kusubiria, hata kuhama makazi. Kwa maoni yangu, fedha za kazi hiyo huleta hukumu nyingi kuliko hotuba za ukali.

Dhana: Kifungo kirefu zaidi ndicho kitakachowatisha wauaji.
Watafiti wa jinai wamerudia kuonyesha kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukubwa wa adhabu. Kifungo cha maisha hakimtishi anayejua kwamba hakuna atakayemtaja.

Dhana: Kuacha kushtaki makosa madogo ni kuwalegezea wahalifu.
Utafiti uliofanyika katika kaunti ya Suffolk, ambako ndiko uliko mji wa Boston, uliwaangalia watu waliokamatwa kwa makosa madogo yasiyo ya kikatili. Katika kesi ambazo uamuzi ungeweza kwenda upande wowote, wasioshtakiwa walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi tena mikononi mwa sheria kuliko walioshtakiwa. Matokeo hayo hayahusu mauaji wala hayaruhusu kufumbia macho kila kitu, lakini yanampa mwendesha mashtaka hoja ya kuelekeza mawakili wake kwenye majalada ya damu.

Dhana: Kufukua hukumu za zamani kunaidhoofisha ofisi.
Mwaka 2007, Craig Watkins alipoanza kazi kama mwendesha mashtaka wa kaunti ya Dallas, jimboni Texas, alianzisha kitengo cha kuchunguza upya hukumu za zamani, na wafungwa kadhaa waliachiwa baada ya vipimo vya vinasaba kuthibitisha kwamba hawakuwa na hatia. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1963, upande wa mashtaka unawajibika kumpa mshtakiwa ushahidi muhimu unaomsaidia, na baadhi ya hukumu potofu zilitokana na jalada lililofichwa kwenye droo. Asiye na hatia anapofungwa, aliyeua hubaki mtaani, na raia watakaoitwa kukaa kwenye jopo la kesi ijayo wanatoka mtaa huohuo.