Mvumo kwenye studio ya nyumbani: yanayosemwa na ukweli wake

Mtu akishaweka studio chumbani kwake, kinachomkatisha tamaa mapema kuliko chochote ni mvumo. Umevaa hedifoni, msanii anavuta pumzi aanze ubeti, na chini yake kuna "mmmm" isiyokoma. Ushauri hapo hauna uhaba. Mimi niliufuata karibu wote katika chumba changu hapa Dar es Salaam, na mwingi haukuwa kweli. Mmoja kati yake unaweza kuua.

Dhana: maiki ya bei rahisi ndiyo inayovuma

Chomoa maiki kwenye saundikadi (kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), gaini, yaani kitufe cha kukuza sauti ya maiki, iache palepale, kisha sikiliza. Mvumo ukibaki, maiki haina kosa. Kwangu ulibaki vilevile, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuchanga hela ya maiki nyingine.

Maiki za kurekodia, hata za bei ya chini, husafirisha sauti kwa nyaya mbili: moja imebeba sauti ilivyo, ya pili imeibeba kinyume. Uchafu unaoingia njiani huzipata zote mbili sawasawa, na saundikadi inapochukua tofauti kati ya nyaya hizo, uchafu unafutika. Ndiyo maana waya wa maiki wa mita 10 unaweza kuwa kimya huku wa gitaa wa mita 3 ukivuma, kwa sababu wa gitaa una njia moja tu ya sauti. Utautambua kwa jeki: ya njia moja ina pete moja nyeusi, ya njia mbili ina pete mbili. Maiki ikivuma kweli, mara nyingi ni ule wavu wa shaba uliozunguka nyaya kwa ndani umekatika karibu na jeki, pale mtu anapopenda kukunja. Badilisha waya kabla hujabadilisha maiki.

Dhana: umeme wa mtaani ni mchafu, weka stabilaiza

Kazi ya stabilaiza ni kuweka volti sawa. Mvumo mwingi hautokani na volti kupanda na kushuka. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na hiyo Hz 50 pamoja na ndugu zake wa 100 na 150 ndiyo "mmmm" unayoisikia. Swali la kujiuliza ni imeingilia wapi.

Mlango wake mkubwa ni mzunguko wa ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Kompyuta umeichomeka ukuta huu, spika ukuta ule. Zote zina ethi, na tena zimeungana kwa waya wa sauti. Ethi imepata njia mbili, kwa hiyo mkondo mdogo unapita ndani ya wavu wa waya wako wa sauti, nawe unausikia. Jaribu hivi: laptopu ikiwa na chaji, chomoa chaja yake ukutani huku ukisikiliza. Kelele ikikatika papo hapo, umepata mlango.

Tiba haina gharama kubwa. Peleka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri, soketi moja ya ukuta. Laptopu, saundikadi na spika mbili ndogo si mzigo mkubwa. Pasi na jagi la umeme ndivyo visiguse ekstensheni hiyo. Kati ya saundikadi na spika tumia waya wa njia mbili, mradi vifaa vya pande zote mbili vinaupokea. Ikishindikana, tafuta kisanduku cha DI (kisanduku kidogo cha kupitishia sauti) chenye transfoma: sauti inavuka kwa sumaku, shaba ya upande mmoja haigusani na ya upande wa pili.

Dhana: kata pini ya ethi, mvumo utaisha

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mvumo unaweza kuisha kweli, na kwa sababu hiyo watu wanaendelea kufundishana: vunja ile pini ndefu ya juu, au pitishia kwenye adapta ya pini mbili. Ethi ipo ili siku waya wa moto ukigusa bodi la chuma, umeme upate njia ya kukimbilia na fyuzi ikatike. Ukiiondoa, njia inayobaki ni wewe: mkono kwenye nyuzi za gitaa, mdomo kwenye maiki. Mei 1972, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, Leslie Harvey, alifariki jukwaani Swansea, Uingereza, baada ya kushika maiki isiyokuwa na ethi huku ameshika gitaa. Kata mzunguko kwenye waya wa sauti. Waya wa umeme uache na ethi yake.

Dhana: sponji za ukutani zitaumeza mvumo

Sponji hupunguza mwangwi wa chumba. Vua hedifoni usikilize kwa masikio matupu: kama husikii kitu, mvumo uko ndani ya waya, na sponji haiufikii huko.

Dhana: programu itausafisha baadaye

Inasaidia kidogo, ikiwa imebidi. Lakini noti ya fret ya tatu (kijiti cha chuma shingoni) kwenye uzi mnene wa gitaa la besi ni Hz 49. Ukiifyeka 50, umeifyeka na besi, na zile 100 na 150 bado zipo ndani ya sauti ya mwanamume. Halafu ukibana sauti kwa kompresa na kuipandisha, kelele nayo inapanda kila mwimbaji anapopumua.

Dhana: gitaa likivuma, ni bovu

Gitaa langu lina pikapu (vinasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja ya waya, na koili moja ni antena. Kampuni ya magitaa ya Gibson ilipata dawa yake mwaka 1955, Seth Lover alipotengeneza pikapu ya koili mbili zinazofutiana uchafu. Langu halina, hivyo nilikaa kwenye kiti na kuzunguka polepole, gitaa mapajani. Nikielekea dirishani, "zzzz" ilipungua. Nikielekea mlangoni, ikapanda. Mlangoni kuna nini? Swichi ya taa na kitufe cha kuzungusha feni ya darini. Nilipokisogeza kutoka namba 2 hadi 5, ukali ulipungua, nilipozima, ukakatika. Vitufe vya kielektroniki vya namna hiyo hupunguza mwendo wa feni kwa kuukatakata umeme mara 100 kwa sekunde, na kila mkato hutupa kelele hewani na kwenye nyaya za nyumba nzima.

Siku hizi msanii akija, feni inazunguka kwa kasi yote mpaka jasho likauke, kisha naizima, simu zote zinawekwa hali ya ndege, na tunarekodi ubeti mmoja mmoja.