Tofali jepesi la zege: linavyotengenezwa na athari zake kwa mazingira

Tofali jepesi la zege ni lile ambalo sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ya tofali jepesi inaweza kushuka hadi kilo 400. Hewa huingizwa kwa njia tatu: kutumia kokoto zenye vitundu (mawe ya volkano, au udongo wa mfinyanzi uliochomwa ukavimba), kuchanganya povu, au kuzalisha gesi ndani ya rojo lenyewe. Neno "jepesi" peke yake halikuambii mengi, kwa sababu njia iliyotumika ndiyo inayoamua nguvu ya tofali na uchafuzi uliotokana nalo.

Njia ya gesi ndiyo ya viwandani hasa. Ilibuniwa Uswidi miaka ya 1920 na msanifu majengo Johan Axel Eriksson. Mchanga wenye silika nyingi (madini yanayotengenezewa kioo) husagwa mpaka uwe unga, au hutumika majivu ya makaa ya mawe. Kisha huongezwa chokaa, saruji, jasi kidogo na maji ya uvuguvugu. Mwisho hutiwa unga wa alumini, karibu nusu kilo tu kwa mita ya ujazo. Alumini ikikutana na chokaa na maji hutoa haidrojeni, na rojo linaumuka ndani ya kalibu, mara nyingi hadi maradufu. Baadaye haidrojeni hutoroka na hewa kuchukua nafasi yake.

Hapa ndipo kazi huharibika. Rojo linatakiwa kuanza kushika wakati uleule gesi inapokwisha. Likiwa la baridi, huchelewa kushika, mapovu yanapanda juu na bonge zima linabonyea katikati. Likishika mapema, gesi inayoendelea kutoka hulipasua. Ndiyo maana fundi mzuri wa kiwandani huangalia kipimajoto kabla ya kuangalia mizani.

Baada ya saa chache bonge huwa gumu kiasi cha kukatwa kwa nyaya. Vipande vinavyobaki hurudishwa kwenye rojo, jambo lisilowezekana tena baada ya kuokwa. Matofali huingia kwenye tanuri la mvuke lililofungwa, nyuzi joto kama 190 za Selsiasi, kwa saa 8 hadi 12. Humo chokaa na silika huungana kuwa fuwele ngumu ziitwazo tobamoraiti. Mvuke ukiachiwa haraka mwishoni, matofali hutoka na nyufa.

Njia ya povu ni rahisi zaidi: povu hutengenezwa kwa mashine, huchanganywa na rojo la saruji na mchanga, kisha humwagwa kwenye kalibu. Haihitaji tanuri. Lakini ukikoroga mno povu hufa na tofali huwa zito. Na usipolimwagilia maji kwa angalau siku 7, saruji haikomai. Hata likitunzwa vizuri, husinyaa kuliko la tanuri, na lipu juu yake hupasuka likijengewa mapema.

Kwa mazingira, mzigo mkubwa uko kwenye saruji na chokaa. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe, takriban kilo 0.8 kwa kila kilo moja ya chokaa safi inayopatikana, kabla hata ya kuhesabu kuni, gesi au makaa ya kuchomea. Mvuke wa tanuri huongeza wake. Alumini, ingawa kuizalisha hula umeme mwingi, hutumika kidogo mno.

Kwa hiyo kusema tofali la povu ni safi kwa kuwa halina tanuri ni haraka mno. Ili lifikie nguvu ya la tanuri, kwa kawaida hulazimika kuwa zito zaidi na kula saruji zaidi. Kulinganisha kwa kilo kunapotosha vilevile. Linganisha mita ya mraba ya ukuta wenye nguvu na kinga ileile ya joto. Hapo wepesi unalipa: malighafi ni chache, lori hubeba ukuta mrefu zaidi kwa safari moja, na jengo huhitaji ubaridi au joto kidogo la mitambo.

Jengo likibomolewa, vifusi vya matofali ya tanuri vitengwe na zege zito. Ni laini mno kuwa kokoto za zege jipya, na salfeti ya jasi iliyomo huyeyuka kwenye maji ya mvua.